Julai Hakuna Meli Huko: Namna Meli Ndogo za Maeneo ya Mbali Zinavyopangiwa Mwaka

Mwezi wa nne mwaka jana, mzee mmoja mstaafu mwenye shamba la zabibu Mpunguzi aliingia katika ofisi yetu ndogo ya safari, jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, akiwa na karatasi aliyoikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati. Wanawe wawili wanaofanya kazi nje ya nchi walikuwa wameamua kumgharamia safari moja kubwa, na yeye alikwisha kuchagua. Karatasi ilikuwa na maneno matatu: Antaktika, Julai, pengwini. Alieleza kwamba Julai ndiyo nafasi yake, kwa kuwa zabibu za msimu wa kwanza huwa zimekwisha kuuzwa na zile za msimu wa pili, zinazovunwa kuanzia Agosti, huwa bado hazijaiva. Nilimwambia, "Mzee wangu, mwezi wa saba huko hakuna meli." Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mwezi wa saba hakuna basi la Singida.

Mshangao wake ulikuwa na haki. Katika safari tulizozizoea, mtu huchagua mahali kwanza kisha akatafuta tarehe inayomfaa. Anayekwenda Mwanza anaweza kwenda Januari au Septemba, na tofauti itakuwa ni mvua na nauli. Meli ndogo zinazopeleka wageni kwenye barafu, kwenye visiwa visivyo na gati na kwenye pwani zisizofikiwa na barabara hupangwa kinyume na hapo, kwa maana kwamba mwezi ndio unaochagua mahali. Meli ileile huweza kuwa kwenye Rasi ya Antaktika, ule mkono wa bara la barafu la kusini unaonyooka kuelekea Amerika Kusini, mwezi Januari, ikawa katikati ya Atlantiki mwezi Aprili, ikazunguka visiwa vya Svalbard, kaskazini ya mbali, mwezi Julai na kuwa njiani kurudi kusini mwezi Oktoba, na katika yote hayo matakwa ya abiria, na hata ya mwenye meli, yana nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Sababu zinazoamua ziko kadhaa na zimefungamana, na mtu asipozitenganisha ataona bei na masharti ya safari hizi kuwa ni ukorofi mtupu.

Ya kwanza ni barafu, ambayo ina mwaka wake. Bahari inayoizunguka Antaktika huganda katika majira ya baridi ya kusini hadi barafu yake hufikia kilele mnamo Septemba, ikifunika takriban kilomita za mraba milioni 18. Kisha huyeyuka na kurudi nyuma hadi Februari, inapobaki kama milioni 3 tu. Kaskazini mwa dunia kalenda imepinduliwa, kilele kikiwa Machi na upungufu mkubwa kabisa ukiwa Septemba. Kwa hiyo katika Julai ya mzee wetu barafu ya kusini huwa inapanuka, mwanga wa mchana huwa wa saa chache, na ukienda kusini zaidi jua halichomozi kabisa. Pengwini wengi wa Rasi huwa wamekwisha kuyahama makazi yao ya kuzalia na wako baharini. Wanaobaki kwenye barafu ni wale wakubwa kuliko wote, ambao madume yao hulalia mayai gizani katikati ya baridi kali, mahali ambapo meli ya abiria haifiki.

Msimu wa kusini huanza mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba na kumalizika Machi, na ndani ya miezi hiyo mitano kila mwezi una sura yake. Novemba theluji ni safi, pengwini wanachumbiana na kuibiana vijiwe vya kujengea viota, lakini njia nyingi za kusini bado zimezibwa. Kuanzia mwishoni mwa Desemba mayai huanguliwa, mwanga hukaribia kuwa wa saa 24, na bei hupanda kwa sababu ndio wakati wa likizo kwa wateja wengi wa Ulaya na Marekani. Februari na Machi makinda hubadilisha manyoya na theluji ya ufukweni huwa imechafuka kwa kinyesi ambacho harufu yake haiandikwi kwenye vipeperushi. Lakini ndipo nyangumi huonekana kwa wingi zaidi, na ndipo barafu inapoachia kiasi cha kuziwezesha baadhi ya meli kuivuka Duara ya Antaktika, kwenye nyuzi 66 na dakika 33 za kusini. Mimi huona ni kosa la matangazo mengi kwamba huweka theluji safi, kinda jipya na mkia wa nyangumi kwenye ukurasa mmoja, kana kwamba mgeni atavikuta vyote katika wiki moja.

Umbali nao hula siku. Meli nyingi huondoka Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, na kuvuka Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, kwa takriban siku mbili kwenda na mbili kurudi, hivyo kwamba safari inayouzwa kama ya siku kumi au kumi na moja humpa mgeni siku tano au sita tu za kushuka. Zipo safari zinazowarusha wageni kwa ndege kutoka Punta Arenas, nchini Chile, hadi kisiwa cha King George kwa saa mbili hivi na kuikuta meli huko. Lakini ukungu ukitanda ndege haitui, na mpangaji makini huacha siku ya akiba kila upande, siku ambayo mgeni hulipia ingawa huenda asiitumie.

Jambo linalowachanganya watu zaidi, na ambalo kwangu ndilo kiini cha biashara hii nzima, ni hesabu ya watu wanaoruhusiwa kukanyaga ardhi. Antaktika haina mwenye nchi anayekubaliwa na wote. Inaongozwa na mkataba uliotiwa saini mwaka 1959, ambao Afrika Kusini ni miongoni mwa mataifa 12 ya mwanzo. Waendeshaji wa safari waliunda jumuiya yao mwaka 1991, inayojulikana kwa kifupi kama IAATO, na kanuni zake ndizo zinazotawala siku ya mgeni: wasizidi watu 100 ufukweni kwa wakati mmoja, awepo mwongozaji mmoja kwa kila wageni 20, isiwepo zaidi ya meli moja mahali pamoja kwa wakati mmoja, na meli iliyobeba abiria zaidi ya 500 isishushe mtu hata mmoja.

Tuchukue meli mbili na kituo kimoja cha asubuhi kinachodumu kwa muda wa saa tatu. Meli ya kwanza ina abiria 95. Boti za mpira, kila moja ikichukua watu kama kumi, huwavusha wote, na kila mmoja anaweza kukaa ufukweni zaidi ya saa mbili, akakaa kimya juu ya mwamba hadi pengwini wamsahau. Meli ya pili ina abiria 190. Hapo nusu hushuka na nusu huzungushwa kwa boti kando ya barafu, kisha hubadilishana. Ukiondoa muda wa kuvaa jaketi la kuokolea, kushuka ngazi, kuvuka na kusuuza buti, mgeni hubaki na saa moja na dakika chache za kukanyaga nchi kavu. Meli zote mbili zinajiita ndogo, na zote ziko ndani ya kanuni. Ndiyo maana chumba katika ile ya kwanza huweza kugharimu zaidi hata kama kina dirisha dogo na hakuna bwawa la kuogelea juu ya sitaha. Anayelinganisha bei bila kuuliza idadi ya abiria analinganisha vitu viwili tofauti.

Kanuni ya meli moja mahali pamoja imezaa kazi nyingine isiyoonekana. Msimu wa 2023–24 ulipokea wageni zaidi ya 120,000, wakiwemo wale wa meli kubwa ambao hawakushuka, na karibu wote walielekea kwenye sehemu ndogo ya Rasi. Kwa hiyo kabla ya msimu kuanza, waendeshaji hugawana nafasi katika ratiba ya pamoja: ghuba hii asubuhi ni ya meli fulani, alasiri ni ya nyingine. Kisha upepo ukibadilika manahodha hupigiana simu za redio na kubadilishana nafasi. Ukweli kwamba mgeni husimama ufukweni asione meli nyingine hadi upeo wa macho ni matokeo ya ratiba hiyo, wakati meli ya jirani imejificha nyuma ya kisiwa kilomita chache kutoka hapo.

Maandalizi ya mgeni nayo huanza nyumbani, na hapa watu wa Dodoma tuna kesi ya kujibu. Kabla ya kushuka mara ya kwanza, wageni hupanga foleni wakiwa na soksi, suruali, mikoba na mikono ya jaketi, na waongozaji hukagua kila mshono kwa kibano na mashine ya kufyonza vumbi, wakitafuta mbegu. Yeyote aliyepita kwenye majani ya Mpunguzi baada ya masika anaijua kishona nguo, ile mbegu nyeusi nyembamba yenye meno mawili, inayoingia kwenye uzi wa soksi na kutokea upande wa pili. Inachimbwa mojamoja kwa ncha ya kibano na kuwekwa kwenye karatasi nyeupe. Ni mmea wa aina hiyo hasa unaoogopwa katika visiwa ambavyo mimea yake haijawahi kushindana na mgeni. Tangu mafua makali ya ndege yalipofika Georgia ya Kusini, kisiwa cha Atlantiki ya kusini, mwaka 2023, na Rasi ya Antaktika mwanzoni mwa 2024, wageni pia hukatazwa kukaa, kupiga magoti au kuweka mkoba chini, na pengwini hukaribiwa si chini ya mita 5.

Usalama nao una mkono wake katika kalenda. Tarehe 23 Novemba 2007 meli ndogo iitwayo Explorer, iliyojengwa mwaka 1969 mahususi kwa safari hizi, iligonga barafu karibu na visiwa vya South Shetland na kuzama. Watu wote 154 waliokolewa baada ya kukaa saa kadhaa kwenye boti za kuokolea, kwa sababu meli nyingine zilikuwa karibu na hali ya bahari iliwahurumia. Kanuni za kimataifa za meli za maeneo ya ncha za dunia, zilizoanza kutumika Januari 2017, zinaitaka kila meli ijiandae kuwahifadhi watu hai kwa muda usiopungua siku tano kabla ya msaada kufika. Mafuta mazito yalipigwa marufuku katika bahari ya Antaktika tangu Agosti 2011, hivyo meli hulazimika kutumia mafuta mepesi, yaliyo ghali zaidi, na kupanga mapema itajazia bandari gani. Kila mwaka pia meli ya abiria hukaguliwa, na siku za chelezo, za kuitoa majini kwa matengenezo, hupangwa katika vipindi vya mpito, yaani kati ya misimu miwili ya barafu.

Vipindi hivyo vya mpito, Aprili hadi Mei na Septemba hadi Oktoba, ndivyo vinavyoonyesha vizuri zaidi akili ya mpangaji. Meli ikiwa kusini mwishoni mwa Machi, na kazi yake inayofuata ikiwa kaskazini mwezi Mei au Juni, haina budi kuivuka dunia, na mishahara, bima na mafuta havisimami kwa kuwa hakuna pengwini. Badala ya kusafiri tupu, huuza safari ya kuhama kupitia visiwa vya Atlantiki: Georgia ya Kusini, Tristan da Cunha ambayo haina uwanja wa ndege, St Helena, Ascension, na kuendelea kaskazini. Ni safari ndefu yenye siku nyingi za bahari tupu, na mara nyingi nauli yake ya siku moja huwa nafuu. Hata hivyo asiyependa kutokuwa na uhakika asiinunue, maana Tristan haina bandari ya kuingiza meli, na mawimbi yakikataa abiria hukitazama kisiwa kwa mbali na kuondoka.

Wenzetu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuja Kilwa, Zanzibar na Mombasa yakisukumwa na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na kurudi kwao na kusi. Nahodha aliyechelewesha biashara yake hakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja. Katikati kulikuwa na tanga mbili, kipindi cha upepo usio na msimamo, ambapo chombo chepesi kiliweza kwenda huku na huku. Meli za leo zina injini, lakini boti ya mpira inayowashusha wazee ufukweni haivumilii mawimbi zaidi ya jahazi, na ndiyo maana wapangaji wa safari za Aldabra, kisiwa cha Shelisheli chenye kobe wakubwa zaidi ya 100,000, bado hupendelea majira ya mabadiliko ya pepo kuliko miezi kusi inapochacha. Meli ndogo za aina hii zimewahi kutia nanga hata mbele ya Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Yapo maeneo yasiyo na msimu wa kufungwa, na Galápagos ndiyo mfano mkubwa, kwa kuwa visiwa hivyo vya Ekwado vimekaa juu ya ikweta. Huko meli haibebi zaidi ya abiria 100, na sheria huizuia kurudi mahali palepale ndani ya siku 14, hivyo ratiba ya wiki mbili hukatwa vipande vinavyouzwa kimojakimoja. Anayetaka kisiwa fulani lazima aulize kipande gani kinakifikia. Pwani ya Kimberley, kaskazini magharibi mwa Australia, hufanya kazi katika kiangazi chake, takriban Aprili hadi Oktoba, nje ya msimu wa vimbunga.

Turudi kwa mzee wa Mpunguzi na Julai yake. Baada ya kumweleza haya kwa vikombe viwili vya chai, nilimwonyesha kwamba Julai haikuwa mwezi mbaya. Ilikuwa mwezi wa upande wa pili wa dunia. Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo karibu na nyuzi 78 za kaskazini, ndiyo kwanza huwa vimefunguka. Jua haliko tayari kuzama tangu kama tarehe 20 Aprili hadi baada ya tarehe 20 Agosti. Ndege wa majabali huwa bado wamejaa kwenye viota vyao, ambavyo wengi huviacha mapema Agosti, na kadiri mwezi unavyosogea ndivyo uwezekano wa kuizunguka nchi nzima kwa meli unavyoongezeka. Pengwini hakuna, pengwini ni wa kusini. Yupo dubu wa barafu.

Hata huko sheria imeingia kwenye kalenda. Tangu Januari 2025 meli inayoingia katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Svalbard haipaswi kubeba abiria zaidi ya 200, na kushuka ndani ya maeneo hayo kunaruhusiwa katika vituo 43 tu. Dubu hasogelewi chini ya mita 300, na kati ya tarehe 1 Machi na 30 Juni umbali huo ni mita 500. Mgeni wa tarehe 28 Juni na mgeni wa tarehe 3 Julai wanaweza kumwona dubu yuleyule, mmoja akiwa mbali zaidi kwa mita 200, jambo ambalo kwa macho ya mtu wa miaka 70 si dogo. Nilimshauri anunue darubini nzuri kabla ya kununua jaketi, kwa kuwa jaketi mara nyingi hutolewa melini.

Kutoka Dodoma mpango wenyewe una mitego midogo ambayo hupoteza watu zaidi ya barafu. Svalbard ni ya Norwei lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani la viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hivyo anayepita Oslo huhesabiwa kuwa ametoka anapopanda ndege ya Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard, na anahitaji viza ya kuingia mara mbili ili aruhusiwe kurudi. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ilhali vyumba vya bei nafuu huisha mwaka mmoja au hata miwili kabla, maana yake malipo ya awali hutangulia viza, na mkataba wa kurudishiwa fedha lazima usomwe neno kwa neno. Bima inapaswa kutaja wazi usafirishaji wa mgonjwa kutoka maeneo ya mbali. Ile ya kawaida haitoshi. Na mtu asiunganishe treni ya kwenda Dar es Salaam, ndege mbili na meli katika siku zinazobanana, kwa sababu basi likimwacha mtu lipo jingine kesho, lakini meli ikiondoka Longyearbyen haina kituo cha kumpitia.

Jambo la mwisho ambalo humkera mteja wa kwanza ni kwamba karatasi ya safari haitaji vituo kwa uhakika. Imeandikwa "tutajaribu", "hali ikiruhusu", "huenda". Hiyo si hila. Kila jioni kiongozi wa msafara na nahodha hukaa na ramani ya barafu na utabiri wa upepo, wakapanga kesho, na pembeni yake mpango wa pili na wa tatu. Meli inayotangaza kila ghuba na kila saa, miaka miwili kabla, ama inakwenda mahali pa kawaida ama haijasema ukweli, na mimi binafsi ningeiogopa.

Mzee alichagua safari ya wiki ya pili ya Julai, akarudi Mpunguzi kukata matawi. Siku tatu baadaye alinipigia simu. Alisema amefikiri usiku kucha kuhusu jua lisilozama, na kuna kitu hakijakaa sawa. "Sisi saa moja asubuhi tunaihesabu tangu jua linapotoka," alisema. "Sasa mwanangu, huko saa moja inaanzia wapi?" Nilimjibu kwamba melini hufuata saa ya Norwei, na kwamba atasikia kengele ya kifungua kinywa.